Koti jipya limeachia mshono: tafuta chanzo kabla ya kushika sindano

Mvua za mwezi wa tisa zikianza hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, makoti yanatoka masandukuni, na haipiti wiki mbili yanaanza kufika kibandani kwangu. Sisemi makoti ya mitumba ya soko la Kadutu. Hayo yakifumuka, mwenyewe anacheka na kuomba sindano kwa jirani. Nasema manto, yaani koti refu, mpya, yenye jina la mbunifu shingoni, iliyoletwa na shangazi kutoka Brussels au iliyonunuliwa butiki kwa akiba ya miezi. Mteja anaingia ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. "Papa fundi, angalia. Hata mara tatu sijaivaa."

Mimi huuliza kwanza: "Umekata uzi wowote?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Amekata, au ameuchoma kwa kiberiti ili usiendelee kufumuka. Hapo nusu ya habari imekwisha kupotea. Uzi unaoning'inia unaonyesha mshono ulianzia wapi kuharibika, ni mshono wa aina gani, na kama kosa ni la kiwandani au la mwenye koti. Kiberiti ndicho kibaya zaidi: poliesta inayeyuka na kuacha doa gumu, sufu inaungua na kunuka, na sijui muuzaji gani atapokea koti lenye alama ya moto.

Kwa hiyo lilaze koti mezani karibu na dirisha, mchana, na upige picha. Moja ya koti zima, moja ya karibu ukiwa umeweka futi ya kupimia pembeni, moja ya lebo, moja ya risiti. Hiyo ya risiti watu wanaisahau. Kisha uamue kama koti linarudi lilikotoka au linabaki kwangu. Uamuzi huo hauwezi kungoja, kwa sababu nikishapitisha sindano yangu humo, muuzaji amepata la kusema: koti limeshaguswa.

Kama lilinunuliwa Ulaya

Hapa wengi wanakata tamaa bure. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Ubelgiji na Ufaransa zikiwamo, muuzaji anawajibika kwa muda usiopungua miaka 2 tangu mnunuzi apokee bidhaa, ikiwa kasoro ilikuwamo tangu mwanzo. Kwanza anapaswa kutengeneza au kubadilisha bila malipo. Yakishindikana hayo, ndipo bei inapunguzwa au pesa zinarudishwa. Koti lililoagizwa kwa intaneti, mnunuzi anaweza kulirudisha ndani ya siku 14 bila hata kutoa sababu. Uingereza, sheria yao ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kudai pesa zake zote.

Ila haki hiyo ni ya aliyenunua. Wewe uliyeletewa zawadi huna mkataba na duka. Shangazi ndiye anao. Mwandikie siku hiyohiyo, usingoje Krismasi: "Shangazi, jambo sana. Manto tumeipokea, ni nzuri mno, tunashukuru. Ila mshono wa kwapa la kulia umeachia sentimita nne, na sijamruhusu fundi aguse. Picha hizi hapa. Risiti bado unayo?" Usione haya kwamba ni zawadi. Shangazi aliyelipa pesa nyingi angependa kujua.

Kama lilinunuliwa hapa mjini au ng'ambo ya mto Ruzizi, Kamembe nchini Rwanda, mambo yanategemea maneno yako na uso wa muuzaji. Rudi upesi, koti likiwa kavu na safi, lebo zote zikiwapo, na uende naye kwenye kasoro moja iliyo wazi. Ukianza kulalamikia mambo saba, atachagua lile dhaifu na kulibishania mpaka jioni.

Huenda si kasoro

Nimewahi kumrudisha nyumbani mteja aliyekuja kwa hasira, na dawa yake ilikuwa mkasi mdogo na dakika mbili. Mfuko ulikuwa haufunguki. Mifuko ya makoti mengi mapya imepigwa bandi, yaani mshono wa muda, makusudi ili isilegee dukani; unafumua uzi huo polepole, ukihakikisha kwanza kwamba kuna mfuko kweli ndani, maana mingine ni pambo tu. Alama ya X ya uzi mweupe kwenye mpasuko wa nyuma, ule ulioachwa makusudi ili utembee vizuri, nayo ni bandi ya safari. Inatolewa. Lebo iliyoshikizwa nje ya mkono, juu ya kiganja, inatolewa pia, ingawa kuna vijana wetu wanaoiacha miaka mitatu ili mtaa mzima usome.

Kuna bandi moja ya kuogopa kukata. Maison Margiela, nyumba ya mitindo iliyoanzishwa Paris mwaka 1988, hushikiza lebo yake kwa ndani kwa hatua nne, yaani michomo minne ya sindano, za uzi mweupe, na hatua hizo zinaonekana nje, mgongoni, chini ya ukosi. Hiyo ndiyo saini yao. Fundi asiyejua anaona uzi mweupe kwenye koti jeusi, anausafisha kwa nia njema, na amefuta kitu ambacho mwenye koti alikilipia.

Halafu kuna makoti ya sufu ya nyuso mbili, yasiyo na bitana (kitambaa laini cha ndani), ambayo kingo zake hukunjwa kwa ndani na kufungwa kwa mkono. Hatua za sindano ya mkono hazilingani kama za mashini, na uzi umelegezwa kidogo ili kitambaa kipumue. Mteja akiona hivyo anadhani amepigwa. Kinyume chake, hiyo ndiyo kazi iliyopandisha bei.

Mshono umeachia

Sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe. Mshono uliofunguka una sababu tatu tofauti, na ukizichanganya utashona mahali palepale kila mwezi. Unazitofautisha kwa kuangalia ndani, kwa hiyo koti ligeuzwe. Kama lina bitana, usikate bitana popote. Pekua ndani ya mikono: kwenye mkono mmoja mshono wa bitana huwa na sehemu ya urefu wa shibiri hivi iliyofungwa kwa mshono wa juujuu, tofauti na mwingine. Kiwanda kililigeuza koti zima kupitia hapo. Fundi naye anaingilia hapo, anamaliza kazi, anafunga mlango.

Sababu ya kwanza: uzi umekatika, kitambaa ni kizima. Utaona matundu ya sindano yamebaki kwenye mstari ulionyooka pande zote mbili, na kingo hazijachanika. Shika sehemu ya mshono ule iliyo nzima, karibu na palipofunguka, uivute kwa upole kwa urefu. Ukisikia "tak" na uzi mwingine ukakatika, mashini ilikuwa imekazwa mno: uzi haukuachiwa nafasi ya kunyumbuka. Kisha uivute kwa upana. Ukiona nyuzi zimetokeza katikati kama vidato vya ngazi, mashini ilikuwa imelegea. Pima pia hatua zenyewe. Kwenye koti la sufu natarajia hatua tatu au nne kwa sentimita. Zikiwa mbili, mtu alikuwa na haraka. Hii ndiyo kasoro nyepesi kuliko zote: unashona juu ya mstari uleule kwa uzi wa poliesta, ukianza sentimita tatu kabla ya palipofunguka na kuishia sentimita tatu baada yake. Uzi wa pamba usiutumie kwapani. Jasho na unyevu wa huku vitauoza.

Sababu ya pili: uzi ni mzima, kitambaa ndicho kimeteleza. Hii ndiyo inayowadanganya hata mafundi. Mshono bado umeshika, lakini pembeni yake pamekuwa na ufa, na ndani ya ufa zinaonekana nyuzi za upande mmoja tu, zimepangana kama meno ya kitana. Nyuzi za upande wa pili zimesogea zikauacha mshono peke yake. Hutokea kwenye bitana laini inayoteleza na kwenye sufu iliyofumwa kwa kulegea, hasa koti likiwa linambana mwenyewe. Ukirudia kushona palepale hujafanya kitu. Dawa ni kuweka utepe mwembamba wa gundi kwa ndani, kisha kushona mstari mpya milimita tatu au nne zaidi ndani ya kitambaa kizima, kama nafasi ipo. Koti linapungua kidogo, na kama lilikuwa linambana litambana zaidi. Kwa koti jipya lenye ugonjwa huu upande wa nje, si kwenye bitana tu, ushauri wangu ni lirudi. Kitambaa kikianza kuteleza mahali pamoja, kwapa la pili liko njiani.

Sababu ya tatu: sindano ilikikosa kitambaa. Mshonaji alikuwa anaunganisha vipande viwili, kimoja kikajikunja au kikawa kimekatwa kifupi, sindano ikakipita pembeni kabisa. Upande mmoja una matundu, upande wa pili hauna, au matundu yake yanakimbilia ukingoni na kuishia hewani. Kile kitambaa cha ziada kinachobaki ndani ya mshono, mimi nakiita akiba. Ikiwa akiba ni chini ya nusu sentimita kwenye kitambaa kinachochambuka, mshono ule uliandikiwa kufa. Picha ya kasoro hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu hakuna uvaaji unaoweza kusababisha tundu la sindano lisiwepo. Ukiamua kutengeneza hapahapa, utahitaji kipande cha kitambaa kilekile, na kinapatikana sehemu mbili tu: kwenye pindo la chini au ndani ya mkunjo wa mbele. Huo ni upasuaji. Usimpe fundi wa kujifunza.

Mahali palipofunguka napo panasema kitu. Kwapani kwa nyuma na juu ya mpasuko wa mgongoni ndipo ninapopaona zaidi, na sababu tunaipanda kila siku. Koti refu limechorwa kwa ajili ya mtu anayetembea au anayeketi kitini. Mji wetu ni vilima, na watu wanapanda moto, yaani pikipiki, kutoka Nyawera kwenda Kadutu miguu imetanuka, mikono imemshika dereva, mgongo umejikunja kwenye mteremko. Mpasuko wa nyuma unavutwa pande mbili. Na kama ile X nyeupe haikutolewa, basi koti halina mpasuko. Linachanika juu yake. Ukinijia na koti la namna hiyo, X ikiwa bado ipo, sitakuandikia barua ya kulilaumu duka. Nitashona, nitaweka kipande kidogo cha kitambaa kigumu kwa nyuma kiwe mshikizo, na nitakuomba ufungue vifungo vya chini kabla ya kupanda.

Uzi unavutika bila kuisha

Mteja wangu mmoja aliona uzi kwenye pindo akiwa ndani ya basi pale Nyawera. Akavuta. Akaendelea kuvuta, kama mtu anayemenya muwa, na alipofika Essence pindo lote lilikuwa limeshuka. Alidhani koti ni bandia.

Halikuwa bandia. Mashini za kushona zina namna mbili kuu. Ya kawaida, kama zetu za kukanyaga, hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, zinazofungana katikati ya kitambaa. Mshono wake unafanana pande zote, na ukikata mahali pamoja hauendelei kwa urahisi. Nyingine hutumia uzi mmoja unaojifunga wenyewe kwa vitanzi. Upande mmoja ni mstari, upande wa pili ni kama msuko wa nywele. Huo ukikatika na kuvutwa kutoka mwisho wake, unafumuka wote. Viwanda vinaupenda kwa pindo kwa sababu hauonekani nje, na kwa vifungo kwa sababu ni wa haraka.

Basi ukiona uzi wa aina hiyo unatoka, ukomeshe papo hapo: tafuta kitanzi cha mwisho kilicho kizima, pitisha ncha ya uzi ndani yake kwa sindano, kaza, funga fundo. Kazi ya dakika moja. Pindo lenyewe lishonwe upya kwa mkono, uzi ukiachwa mlegevu kidogo, sindano ikichota unyuzi mmoja tu wa kitambaa cha nje.

Vifungo ni hivyohivyo. Kimoja kikidondoka wiki ya kwanza, usishone hicho peke yake. Vingine vimeshonwa na mashini ileile siku ileile. Vitoe vyote, uvishone kwa mkono, na ukipe kila kifungo shingo: weka njiti ya kiberiti chini yake wakati unashona, itoe, zungushia uzi pale uliposimama. Urefu wa shingo uwe sawa na unene wa kitambaa kitakachokaa chini ya kifungo, la sivyo koti litavutika kila ukilifunga na tundu litapanuka. Kwa sufu laini, weka kifungo kidogo bapa upande wa ndani ili uzi ukishike hicho, usikishike kitambaa.

Mshono umejikunja, koti lina mikunyanzi

Hapa naulizia kalenda. Mikunyanzi ilikuwapo tangu siku ya kwanza, au ilikuja baada ya mvua?

Kama ilikuwapo, mashini ilikazwa mno au vipande viwili vililishwa kwa mwendo usiolingana, cha juu kikavutwa kuliko cha chini. Jaribu mvuke mahali pasipoonekana, kitambaa chenye unyevu kikiwa katikati ya pasi na koti. Ikilainika na kubaki hivyo, umepona. Ikirudi baada ya saa moja, mshono ufumuliwe.

Kama ilikuja baada ya kunyeshewa, kitu kimoja kimenywea kuliko kingine: uzi, utepe wa ndani, au bitana. Anza na bitana. Bitana nzuri huwa kubwa kidogo kuliko koti. Ina mkunjo wa ziada katikati ya mgongo na mwingine chini kwenye pindo. Ukiinua mikono yote miwili juu na kuhisi mgongo umekushika, au ukiona pindo la nje limejikunja kuelekea ndani, bitana ni fupi. Fumua bitana pindoni na uishushe sentimita moja. Makoti mangapi yametupiwa lawama ya mshono wa nje, kumbe bitana tu ndiyo ilikuwa inayavuta kwa ndani kama kamba ya mbuzi.

Na kama unachokiona kifuani si mikunyanzi bali malengelenge, kitambaa kimeinuka hapa na pale kama chapati, huo si mshono kabisa. Ni kitambaa cha gundi cha ndani kilichobanduka. Usijaribu kukirudisha kwa pasi ya mkaa umeme ukiwa umekatika. Joto lake hulioni wala hulipimi, na sufu itang'aa kama kiti cha ofisi. Koti jipya lenye malengelenge lirudi kwa muuzaji. Mimi silipokei.

Madogo madogo

Hatua zilizorukwa, yaani mstari wenye mapengo hapa na pale, ni sindano butu au isiyolingana na kitambaa. Zikiwa mbili tatu kwenye mshono wa pambo unaweza kuzijaza kwa mkono. Mistari ya kitambaa cha miraba isiyokutana kwenye mshono wa ubavu haina dawa, kwani kitambaa kilishakatwa. Mkono unaozunguka na kuelekea nyuma ukiwa umesimama wima ulitiwa vibaya begani, na kuutoa na kuurudisha ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua. Kabla hujanilipa mimi, mwulize muuzaji.

Ngozi na koti la mvua

Kwenye sufu tundu la sindano linazibika: mvuke kidogo, kisha unasugua kwa ukucha kwa njia zote mbili, na nyuzi zinarudi mahali pake. Ngozi hairudi. Wala kitambaa kilichopakwa plastiki. Kila tundu jipya ni la kudumu, na matundu yakikaribiana sana ngozi inachanika juu ya mstari kama stempu. Kwa hiyo koti la ngozi lililofumuka halipitishwi kwenye mashini tena. Linashonwa kwa mkono, sindano ikipita ndani ya matundu yaleyale ya zamani, moja baada ya jingine, na ukiona fundi anaweka ngozi yako chini ya mguu wa mashini bila kuhesabu matundu, mwombe akurudishie.

Koti la mvua linalovujisha mabegani halihitaji uzi pia. Ligeuze. Kwenye mishono ya ndani utakuta utepe uliobandikwa kwa joto; huo ndio unaozuia maji, uzi kazi yake ni kushika tu. Utepe ukiwa umeinuka na koti bado ni jipya, piga picha, rudisha. Ukinilazimisha kushona juu yake nitakuwa nimeyatobolea maji njia nyingine, na mvua ya saa tisa ya hapa haihitaji kuonyeshwa njia.